Maswali ya Wasomaji: Matangazo yanayokatikia njiani

Barua za mwezi huu zinalia kilio kimoja kwa sauti mbalimbali: mtu anaanza kutangaza biashara yake kwa moto, kisha anapoa. Tumechagua chache na kuzifupisha, na majina tumeyaacha. Hesabu za fedha humu ni za mfano, wewe weka za kwako.

Oda zikija nanyamaza, nikinyamaza oda zinakata

*Shikamooni wahariri. Naoka keki nyumbani, Tabata, Dar es Salaam. Nikianza kutangaza naposti mara tatu kwa siku, wiki mbili mfululizo. Oda zikija nashinda jikoni, simu naisahau. Baada ya mwezi oda zimekata, naanza upya kama mgeni mjini. Nimebadilisha jina mara mbili na logo mara tatu. Nakosea wapi? – Mama Keki, Tabata*

Marahaba. Jina na logo viache hapo vilipo, havina kosa. Kosa liko kwenye muda. Keki haiuzwi kama soda, kwamba mwenye kiu akiiona anainunua. Anayeiona keki yako leo hana sherehe leo. Anaihifadhi picha, au anakumbuka tu kwamba kuna dada Tabata anapamba vizuri, halafu wiki tatu baadaye mwanawe anatimiza miaka mitano ndipo anakutafuta. Oda unazooka wiki hii zililetwa na picha za mwezi uliopita, na ukimya wa wiki hii utaulipia mwezi ujao, wakati umeshasahau kwamba ulinyamaza. Ndiyo maana unalisingizia jina.

Kwa hiyo punguza. Ikumbuke wiki mbaya kuliko zote ulizowahi kupitia: oda 12, umeme umekatika Ijumaa usiku, mtoto ana homa. Wiki ile ungeweza kuposti mara ngapi bila kujidanganya? Kama ni mara mbili, basi mara mbili ndiyo ratiba yako ya mwaka mzima, hata wiki ambayo huna oda hata moja. Wiki ya namna hiyo usiongeze posti. Piga picha na uandike maelezo ya akiba, ili posti sita ziwe zinasubiri zamu. Akiba hiyo ndiyo itakayokubeba wiki mbaya ikirudi, nayo hurudi.

Tuseme ni Jumanne saa 1 usiku na Ijumaa saa 6 mchana kwenye Instagram, na picha moja ya status ya WhatsApp kila siku kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Posti za Instagram usizipandishe kwa mkono siku yenyewe. Akaunti ikiwa ya biashara unaweza kuzipanga mapema zitoke zenyewe, ndani ya Instagram au kwa programu ya Meta Business Suite, na hailipiwi. Jumatatu asubuhi kaa dakika 40, panga za wiki mbili, funga simu. Status yenyewe inafutika baada ya saa 24, na hiyo inakusaidia: picha ile ile ikirudi baada ya wiki mbili hakuna atakayekulalamikia.

Picha ndiyo inayowashinda waokaji wengi, kwa sababu keki ikikamilika bodaboda yuko mlangoni anapiga honi. Iweke picha ndani ya kazi yenyewe, kama unavyoweka kupoza keki kabla ya kupaka krimu. Mwambie bodaboda aje robo saa baada ya muda unaotarajia kumaliza. Nunua manila nyeupe moja steshenari. Upande mmoja ubandike ukutani karibu na dirisha, upande wa pili ulale mezani, karatasi ijikunje yenyewe katikati bila kukunjwa mstari, ndipo nyuma ya keki pasionekane kona ya meza. Zima taa, kwa sababu mwanga wa taa ukichanganyika na wa dirisha krimu nyeupe inageuka njano upande mmoja na bluu upande mwingine. Kisha ufute kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu cha pamba. Jikoni vidole vina siagi, na siagi ile ndiyo inayoleta ule ukungu ambao watu wanadhani ni simu mbovu. Piga picha tatu: keki nzima, pambo kwa karibu, na moja ukiwa umeishika mikononi ili ukubwa wake ujulikane. Dakika tano zimetosha, funga boksi.

Chini ya picha andika mambo matano kila mara, kwa mpangilio ule ule: ni keki gani, kilo ngapi, bei, iagizwe siku ngapi kabla, na inachukuliwa wapi. Mfano: "Vanila na krimu ya siagi, kilo 2, shilingi 70,000. Oda siku 3 kabla, advansi nusu. Kuchukua Tabata au kuletewa kwa bodaboda, nauli juu yako." Ukiwa na mpangilio mmoja huhitaji kufikiria, na kufikiria ndiko kunakochosha kuliko kuandika. Tena tunakuomba uachane na ile "bei njoo inboksi". Kila anayekuja kuuliza bei anakula dakika zako mbili, wengi wao hawakuwa na uwezo wa bei hiyo tangu mwanzo, na wenye uwezo wengine wanaona uvivu kuuliza. Ukiwa na oda 12 mezani hizo dakika huna.

Ukiruka siku, imepita. Usije Jumamosi ukamwaga posti nne za fidia. Wanaokufuata wataona moja, watazipita tatu, na wewe umeunguza akiba ya wiki mbili kwa saa moja.

Lipo jingine waokaji wengi wanaliacha mezani. Kila keki ya siku ya kuzaliwa unayooka ina tarehe, na tarehe hiyo itarudi mwakani. Chukua kauntabuku, ligawe kwa miezi 12, na kila oda iandike chini ya mwezi wake: jina la mama au baba, namba, jina la mtoto na tarehe, kilo, ladha, rangi. Kila tarehe 1 na 15 fungua ukurasa wa mwezi huo na unaofuata, na uwaandikie wenye tarehe zinazoangukia ndani ya wiki mbili hadi nne zijazo: "Habari dada, tarehe 12 mwanetu anafikisha sita. Mwaka jana tulimfanyia kilo 2 ya vanila yenye simba. Tumwekee nafasi?" Ujumbe huo hauhitaji mtandao kukupenda, na aliyewahi kuila keki yako haombi ushahidi wa picha. Kwa mwokaji mwenye mwaka mmoja kazini, tungeachana na posti kabla ya kuachana na daftari hilo.

Mwisho, bandika ukutani karatasi yenye wiki 13, yaani robo mwaka. Kila posti iliyotoka weka alama ya vema. Wazo lolote jipya litakalokujia kabla ya wiki ya 13, iwe jina, logo, TikTok au kuuza na juisi, liandike ukurasa wa mwisho wa kauntabuku na uliache hapo. Siku ya 91 yasome yote. Mengi utayacheka.

Nauza kila kitu, hakuna anayejua nauza nini

*Nina duka Morogoro. Nauza vitenge, viatu vya kike, vyombo vya ndani, na sasa nimeongeza mafuta ya nywele. Kila wiki natangaza kitu tofauti. Watu wanapita, wanasalimia, hawanunui. Niache vipi na nibaki na kipi? – Mwenye duka, Morogoro*

Usiache chochote bado. Rafu inaweza kubeba vitu vinne, tangazo ndilo lisiloweza. Mtu akikuona wiki hii na viatu, wiki ijayo na sufuria, hakumbuki lolote, na siku anayotaka kitenge anakwenda kwa yule ambaye kila akimwona yuko na kitenge.

Kipi kiwe sura ya duka, usikichague kwa mapenzi wala kwa mauzo makubwa. Andika siku 30, kila bidhaa na mistari yake mitatu: umeuza shilingi ngapi, umebaki na faida kiasi gani baada ya kutoa bei ya kununulia na nauli ya mzigo, na wanunuzi wangapi wamewahi kununua kwako kabla. Tuseme imekuja hivi: vyombo mauzo 620,000, faida 78,000. Viatu mauzo 410,000, faida 95,000, lakini namba 36 na 41 zimekaa na mtaji wa 140,000 umelala humo. Vitenge mauzo 380,000, faida 114,000, na kati ya wanunuzi 14 tisa ni wa kurudi. Mafuta ya nywele bado hayajasema kitu. Kwa macho vyombo ndivyo vinavyoingiza fedha nyingi droo. Kwa hesabu, kitenge kinakuachia senti 30 katika kila shilingi na vyombo havifikishi 13, tena kitenge kina watu wanaorudi. Tangaza kitenge.

Hapo kuna kazi ya siku moja na kazi ya kila siku. Ya siku moja ni kubadilisha maneno. Jina la akaunti yako lina neno "kitenge" na neno "Morogoro"? Mtu anapotafuta, Instagram inaangalia jina lile, kwa hiyo akaunti inayoitwa Fulani Collection peke yake haimfikii anayetafuta kitenge. Ubao wa nje uandikwe VITENGE kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, mengine chini kwa herufi ndogo. Fungua pia Wasifu wa Biashara wa Google, ni bure, uweke aina ya duka, saa za kufungua na picha ya mlango. Mgeni aliyekuja kwenye harusi na hana sare ataandika "vitenge Morogoro" kwenye simu kabla hajamuuliza mwenyeji wake.

Ya kila siku ni kwamba katika kila matangazo kumi, nane yawe ya kitenge. Mawili yaliyobaki gawia hivyo vingine, na usione vibaya viatu vikinyamaza. Aliyeingia kwa ajili ya kitenge ataviona mwenyewe vikiwa kwenye rafu ya pili kulia.

Tunajua utakachopata shida nacho: wiki ya tatu jirani ataleta mabeseni, nayo yatauzika kama njugu, na mkono utawasha. Uza mabeseni ukitaka. Usiyatangaze.

Sabuni ya maji na mitandao mitatu

*Natengeneza sabuni ya maji hapa Mwanza. Nimefungua Facebook, Instagram, TikTok na nimejiunga magrupu 22. Nimechapisha na vipeperushi 500. Wanaonipigia ni wanaotaka kufundishwa kutengeneza sabuni. – Mtengenezaji, Igoma*

Mitandao haijakudanganya, imekuletea watu wanaokaa mitandaoni. Anayemaliza dumu la lita 5 ni mama lishe, mwenye saluni, mlinzi wa choo cha kulipia, shule. Hao hawanunui sabuni kwa kuitafuta, wanaikumbuka siku inapoisha, na wanampigia aliye karibu au ambaye namba yake iko pale pale wanapooshea.

Funga akaunti mbili ubaki na moja ya kuonyeshea kazi. Nguvu ihamie miguuni. Chagua wateja 40 unaoweza kuwafikia, uwagawe wanane kwa siku: Jumatatu Igoma, Jumanne Buzuruga, Jumatano Kirumba, Alhamisi Mkuyuni, Ijumaa Nyegezi. Mpangilio wa mitaa tengeneza unavyoona nafuu kwa nauli, ila siku isibadilike. Mama lishe wa Kirumba akijua Jumatano ni siku yako ataacha kununua ya paketi Jumanne. Ukija Jumatano mbili na ya tatu ukaruka, amenunua kwa mwingine na ana haki.

Kwa kila mteja andika tarehe uliyompa dumu na tarehe lilipoisha. Fanya hivyo mara mbili, chukua wastani. Kama ni siku 12, siku ya 10 mpigie. Ukipiga siku ya 13 unamkuta na dumu la mtu.

Sasa dumu lenyewe, kwani hilo ndilo bango lako na liko mbele ya mnunuzi kutwa nzima. Namba ya simu iliyochapwa kwa printa ya wino wa maji inafutika ndani ya wiki: sabuni inachuruzika toka mdomoni, inapita juu ya lebo, wino unatiririka. Chapisha kwa printa ya leza. Kabla ya kubandika, futa plastiki kwa kitambaa chenye spiriti, maana dumu linakuja na utelezi na gundi haishiki. Lebo ikae upande ambao sabuni haichuruzikii akimimina, na iwe angalau sentimita tatu kutoka chini ambako dumu linakaa kwenye maji. Juu yake pitisha seloteepu pana inayozidi ukingo wa lebo kwa kidole kila upande. Halafu chukua maka pen isiyofutika, uandike namba tena begani mwa dumu. Lebo ikibanduka, namba ipo.

Shule na hoteli zitakuuliza alama ya ubora ya TBS. Kama bado huna, pitia SIDO ya mkoa, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, uanze safari hiyo, huku ukiwahudumia hao 40. Na hao wanaotaka kufundishwa, wapangie bei ya somo na siku moja kwa mwezi. Ni fedha pia, ila isikuibie Jumatano.

Nawatumia 200, wanaona 60

*Assalaam aleikum. Napika sambusa, kaimati na mkate wa sinia, nakaa Mombasa. Nina orodha ya brodikasti ya watu 200 kwenye WhatsApp. Kila Ijumaa nawatumia menyu lakini wanaojibu ni wale wale. Je, WhatsApp yanizuilia? – Mpishi, Mombasa*

Waaleikum salaam, bibie. Yawezekana ujumbe haufiki kabisa. Brodikasti humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Wewe kumhifadhi yeye hakutoshi. Fungua orodha, ubonyeze kwa muda ujumbe wa Ijumaa iliyopita, kisha tazama taarifa zake: kuna waliofikishiwa na kuna waliosoma. Asiyeonekana hata kwenye waliofikishiwa baada ya siku mbili, ama hajahifadhi namba yako, ama kakuzuia, ama simu imezimwa. Waliofikishiwa bila kuonekana wamesoma usiwahesabu wamepotea, wengine wamezima tiki za bluu tu.

Wale 140 usiwarundikie ujumbe zaidi. Ombi la kuhifadhiwa lina wakati wake, nao ni pale mtu anapopokea chakula kikiwa moto. Andika kikaratasi kidogo juu ya kifuko: "Hifadhi namba hii kwa jina Sambusa, menyu kila Ijumaa saa 3 asubuhi." Wape jina la kuhifadhia, kwa sababu ukimwachia achague atakuandika "Mama Fulani" na hatakukumbuka akiwa na njaa. Mteja mpya akikutumia ujumbe, salamu ya kujibu yenyewe iliyomo kwenye WhatsApp Business iseme hivyo hivyo.

Orodha moja ya brodikasti hubeba watu 256, kwa hiyo bado huna sababu ya kuunda grupu. Grupu utaanza kuuza sambusa, mwezi wa pili ni kuamkuana na video za dua, na menyu yako imezama. Usiwatie watu kwa nguvu pia, wala usinunue orodha ya namba. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania nayo ilipitisha yake mwaka 2022, na zote zinamtambua mwenye namba kuwa na haki juu yake. Akisema "nitoe", mtoe siku hiyo hiyo.

Menyu isizidi vitu vitatu, bei mbele ya kila kimoja, na saa ya mwisho ya kuagiza. Kila Ijumaa tia neno la kutajwa, kwa mfano "akitaja pilipili apata kaimati mbili za ziada". Kaimati mbili hazikutii hasara, na jioni utajua ni wangapi waliokuja kwa brodikasti na wangapi kwa mguu wa njia. Bila hivyo utaendelea kudhani.

Ukitaka kuanza mpango huu vizuri, hesabu wiki sita kabla ya Ramadhani. Mwezi huo hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, basi ratiba ya mwaka jana usiinakili tarehe kwa tarehe. Na maagizo ya futari yapokee mpaka alasiri tu. Anayepokea hadi magharibi huanza vizuri siku ya kwanza, siku ya nane hana sauti.

Nimelipia tangazo, nimepata laiki

*Nauza mashuka ya 6 kwa 6, Arusha. Nimeboosti posti kwa 50,000, nimepata laiki 900 na hakuna aliyenunua. Kila siku nilikuwa nabadilisha picha nione ipi inakubali. – Muuza mashuka*

Umelipia ulichoomba. Wakati wa kuboosti unaulizwa lengo. Ukichagua watu waione au waipende posti, unaletewa watu wa kupenda posti, na hao wapo wengi. Chagua lengo la kutumiwa ujumbe, kitufe kiende WhatsApp. Eneo liwe Arusha mjini na kilomita unazoweza kufikisha mzigo, usiache Tanzania nzima kama huna namna ya kutuma shuka Kigoma.

Kubadilisha kila siku nako kumekuumiza. Mfumo wa Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, unajifunza nani wa kumwonyesha tangazo, na kwa kipimo chao wenyewe unahitaji matokeo kama 50 ndani ya siku 7 ili utulie. Kila badiliko kubwa linaurudisha mwanzo. Kwa 50,000 huenda hutafika 50, kwa hiyo usiuongezee kazi: picha moja, maneno yale yale, siku saba, mkono usiguse. Ukitaka kulinganisha picha mbili, ya pili iingie wiki ya pili.

Hesabu usiifanyie kwenye laiki. Tuseme 50,000 imeleta jumbe 25, wamenunua watano. Kila mnunuzi amekugharimu 10,000. Kama shuka la 45,000 linakuachia faida ya 13,000, umebaki na 3,000 kwa kila mmoja, si haba lakini si biashara ya kukimbilia. Kabla ya kuongeza fedha, waangalie wale 20 walioondoka. Mara nyingi waliandika saa 3 usiku wakajibiwa kesho yake saa 4 asubuhi. Tangazo liendeshe saa ambazo uko na simu mkononi, na majibu ya rangi, bei na nauli yahifadhi kama majibu ya haraka kwenye WhatsApp Business, yatoke kwa mguso mmoja.

Kwa ufupi

*Jirani kashusha bei ya chapati kutoka 500 hadi 400. Nami nishushe? – Dodoma.* Pima chapati yake kwanza. Nunua tano, zipime na zako tano kwenye mizani ya duka. Kama zake ni nyepesi, bakiza bei yako na uandike uzito kwenye ubao. Kama uzito ni ule ule, subiri mwisho wa mwezi uone kama ataweza kuendelea, maana unga na mafuta mnanunua soko moja.

*Nimefiwa, nitafunga wiki mbili. Nitapoteza wateja? – Tanga.* Pole sana kwa msiba. Wateja hawakimbii kufungwa, wanakimbia kutojua. Weka ujumbe wa kutokuwepo kwenye WhatsApp Business wenye tarehe ya kurudi, maneno hayo hayo yabandike mlangoni, na posti ya tangazo hilo uibane juu ya ukurasa wa Instagram. Zilizokuwa zimepangwa kutoka zenyewe zisimamishe, isije picha ya ofa ikatoka mkiwa makaburini. Siku ya kurudi fungua hata kama una mzigo nusu.